KORONA NA LADHA YA CHAKULA: KWA NINI ULAYA WALIPOTEZA SANA, ASIA KIDOGO, NA SISI WA PWANI TUKO WAPI?



Kuna ubishi umekuwa ukijirudia vijiweni hapa Makurunge, na hata ukishuka Bagamoyo mjini unaukuta. Eti korona ilipokuja ni wazungu tu waliopoteza ladha ya chakula, sisi weusi haikutugusa huko. Mmoja anasema ni pilipili zetu, mwingine anasema ni damu, wa tatu anasema ni uongo wote, hakuna aliyepoteza chochote. Nimekaa kafe siku tatu nasoma kazi za watafiti wenyewe, nikaona niwawekee yote mahali pamoja, anayetaka aichape aende nayo nyumbani. Mimi sio daktari, ni mtu wa kidato cha nne tu, lakini kusoma najua, na penye namba nimeweka namba.

Kwa wale ambao dakika zao za kafe zinakaribia kuisha, kwa kifupi ni hivi: tofauti kati ya mabara ipo kweli. Sehemu inatokana na aina ya kirusi, sehemu vinasaba, sehemu umri. Lakini sehemu kubwa inatokana na jambo ambalo watu hawalitaji: nani aliulizwa, na aliulizwaje. Ubaki bila ladha halafu usimwambie mtu, kwenye hesabu za dunia wewe unaonekana mzima. Haya, wenye muda tuendelee.

KWANZA TUELEWANE, LADHA NI NINI

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoanzia. Ulimi peke yake unajua mambo matano tu: utamu, chumvi, ukali kama wa limau au ukwaju, uchungu, na ile ya tano wataalamu wanaiita umami, yaani ladha nzito ya supu ya nyama au ya dagaa. Basi. Kwetu hapa mbili za mwanzo tunazizalisha wenyewe, miwa iko Makurunge na mashamba ya chumvi yako ufukweni Bagamoyo. Hayo mengine yote unayoyaita ladha, kama nazi kwenye wali, iliki kwenye chai, moshi kwenye samaki wa kubanika, ni harufu. Unapotafuna, harufu inapanda kwa nyuma ya koo kwenda puani, na ubongo unakuambia ni ladha ya mdomoni.

Usibishe, jaribu mwenyewe. Chukua ubuyu ule wa rangi, wenye iliki. Ziba pua kwa vidole kisha utie mdomoni. Utasikia sukari na ule ukali wake, mwisho. Sasa achia pua. Iliki inakuja yote kwa mpigo. Kwa hiyo watu wengi waliosema "sisikii ladha" wakati wa korona, kilichoharibika hasa kilikuwa pua. Wapo waliopotelewa na ladha ya ulimi kweli, lakini pua ndiyo iliyoumia zaidi.

Na wale wa hoja ya pilipili: muwasho wa pilipili sio ladha wala harufu. Unapita kwenye neva nyingine ya uso, ile ile inayokufanya utoe machozi ukikata kitunguu. Ndio maana mtu anaweza kuungua na pilipili huku hajui kama anakula kuku au kabichi. Mwaka 2020 kundi la kimataifa la watafiti lilikusanya majibu ya watu 4,039 waliougua, wakajipa alama kati ya 0 na 100 kabla na wakati wa ugonjwa. Kwa wastani harufu ilishuka kwa alama karibu 80, ladha 69, na huo muwasho 37. Unaona? Vyote vitatu viliguswa, ila pua ndiyo iliyolala chali.

KIRUSI KINAFANYA NINI HUKO PUANI

Ukipata mafua ya kawaida pua inaziba, hewa haipiti, harufu haifiki. Hilo kila mtu analijua. Korona ilikuja na jambo geni: pua iko wazi, unapumua vizuri, lakini hausikii kitu. Madaktari wa pua, koo na masikio wa Uingereza ndio walikuwa kati ya wa kwanza kupiga kelele kuhusu hilo, Machi 2020. Serikali yao ikaiingiza kwenye orodha rasmi ya dalili Mei 18, 2020.

Mwanzoni iliogopwa kwamba kirusi kinaua neva za kunusa zenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba kinachoshambuliwa zaidi ni seli saidizi, zile zinazozilisha na kuzilinda neva. Hizo ndizo zenye mlango ambao kirusi kinautumia kuingia. Seli saidizi zikifa, neva zinabaki kama taa isiyo na umeme. Habari njema ni kwamba seli hizo mwili unaweza kuziotesha tena, na ndio maana wengi wanapona.

NAMBA ZA MABARA

Haya sasa tuje kwenye ubishi wenyewe.

Wuhan, China, ambako ndiko ugonjwa ulikoanzia kujulikana: wagonjwa 214 wa hospitali tatu waliangaliwa mwanzoni mwa 2020. Waliopoteza ladha walikuwa asilimia 5.6, waliopoteza harufu asilimia 5.1.

Ulaya, miezi michache tu baadaye: wagonjwa 417 wasio mahututi kutoka hospitali 12. Harufu asilimia 85.6, ladha asilimia 88.

Ugonjwa mmoja, mwaka mmoja, lakini 5 kwa huku na 88 kwa kule! Ndio maana dunia ilishangaa.

Kisha mwaka huo huo wa 2020 ukaja uchambuzi mkubwa, tafiti 104 zikajumlishwa pamoja zenye wagonjwa 38,198. Kwa jumla waliopoteza ladha walikuwa asilimia 44.6. Walipogawanya, watu wanaohesabiwa kuwa weupe walikuwa na matatizo ya harufu au ladha kwa asilimia 54.8, Waasia asilimia 17.7. Mara tatu. Angalia vizuri lakini, ulinganisho huo ulikuwa wa weupe na Waasia. Sisi hatumo. Kwa hiyo anayekuja kijiweni na namba hizo kuthibitisha habari za "weusi" amezibeba kwenye gunia lisilo lake.

SABABU ZA TOFAUTI

Ya kwanza, kirusi chenyewe. Kirusi cha Wuhan cha mwanzo sio kile kilichoenea Ulaya. Kilibadilika, na kufikia katikati ya 2020 aina iliyobadilika ndiyo iliyotawala karibu dunia nzima. Baadhi ya watafiti wanadhani badiliko hilo lilikifanya kiwe hodari zaidi puani. Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja na Omikroni, iliyotangazwa kutoka kusini mwa Afrika Novemba 2021. Uingereza walilinganisha: wakati wa Delta waliopoteza harufu walikuwa asilimia 52.7, wakati wa Omikroni wakashuka hadi asilimia 16.7. Nchi ile ile, watu wale wale, chakula kile kile. Kilichobadilika ni kirusi. Kwa hiyo ukilinganisha nchi iliyopima watu mwaka 2020 na nyingine iliyopima 2022, unalinganisha virusi viwili halafu unawasingizia watu.

Ya pili, vinasaba. Januari 2022 ulitoka utafiti wa watu 69,841 wa Marekani na Uingereza. Waliona eneo moja kwenye vinasaba, lenye jeni mbili zinazofanya kazi puani. Mwenye aina fulani hapo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupoteza harufu au ladha, kwa asilimia 11 hivi. Pia waliona kwamba wenye asili ya Asia Mashariki na Wamarekani weusi waliripoti kidogo kuliko wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo wa hoja ya damu wana robo ya ukweli. Lakini asilimia 11 ni ndogo sana. Haiwezi kuzaa tofauti ya 5 na 88.

Ya tatu, umri na ukali wa ugonjwa. Vijana na wasiozidiwa sana ndio wanaolalamika zaidi kuhusu ladha. Mtu mwenye oksijeni usoni hana habari na ladha ya uji. Hospitali ikihesabu mahututi tu, ladha inaonekana haikupotea. Na Tanzania karibu nusu yetu tuna umri chini ya miaka 18. Kwa hesabu hiyo sisi tulitakiwa tusikie malalamiko mengi, sio machache.

Ya nne, na hii ndiyo ninayotaka muishike: umeulizwaje. Kule Tehran, Iran, mwaka 2020 waliwachukua wagonjwa 60 wakawapa mtihani wa kunusa, yaani unanusa kitu na kutaja ni nini. Wagonjwa 59 kati ya 60 pua zao zilikuwa na kasoro. Kabla ya mtihani, waliosema wenyewe kwamba wana tatizo walikuwa karibu theluthi moja tu. Hebu fikiria. Hospitali ile ile ukiuliza kwa mdomo unapata theluthi, ukipima unapata karibu wote.

NA SISI JE?

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, 2020, Arusha, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu zilifika wagonjwa 509 na vifo 21, zikasimama hapo. Kuanzia hapo hadi katikati ya 2021 nchi haikuwa ikitoa namba. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2021 neno lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Baadaye namba zikarudi, na Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani kuzindua chanjo.

Sasa fikiria hiyo miezi. Ndiyo ilikuwa miezi ya aina za kirusi zilizokuwa zinakata harufu sana. Mtu wa Makurunge aliyeamka siku moja hasikii ladha ya chai alimwambia nani? Alimwambia mama yake, mama akaweka sufuria la mwarobaini na mchaichai, akajifunika blanketi akajifukiza, wiki mbili zikapita, akapona. Hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa. Nilipouliza hapa mtaani, dada mmoja anayekaanga samaki aliniambia kwamba kwa karibu mwezi mzima ilibidi mwanae ndiye anuse mafuta kama yamechacha. Aliwahi kwenda hospitali? Hapana. "Ningesema naumwa nini?"

Na ukitaka kujua kama Waafrika wa pwani hii ya Bahari ya Hindi walipoteza ladha au la, angalia kwa jirani zetu Somalia. Watafiti wa huko walichapisha mwaka 2020 kazi kutoka vituo viwili, na jina lake tu linatosha: linasema kupotea ladha na harufu ni dalili ya kawaida kwa wagonjwa wa korona wa Somalia. Wao waliuliza, wakapata jibu.

TATIZO LA MANENO

Jambo jingine ambalo sijaona mtu akiliandika ni lugha yetu. Kiswahili tunasema kusikia kwa sauti, kusikia harufu, kusikia ladha, kusikia baridi. Mtu akisema "sisikii vizuri" nesi anaweza akaangalia masikio! Halafu Pwani tuna msemo wa "mdomo mchungu". Ukiwa na homa na mdomo mchungu, kila mtu mtaani anajua jina moja: malaria. Unaenda duka la dawa, unanunua mseto, unameza, basi. Kama ilikuwa korona, imepita chini ya jina la malaria.

Tofauti mtu wa kawaida anaweza kuikisia hivi. Mdomo mchungu maana yake unasikia ladha, tena mbaya, na hamu ya kula hakuna. Kupoteza ladha maana yake chakula ni kama karatasi, hakina kitu, hata ukiwa na njaa. Na kupoteza harufu unaweka pua juu ya kahawa inayochemka na hakuna kinachokuja. Hayo ni mambo matatu tofauti, yataje tofauti ukifika zahanati. Lakini tusidanganyane, homa ya Pwani haipimwi kwa mdomo. Ukiwa na homa nenda kapime malaria, kipimo cha haraka kinachukua dakika chache tu. Usikisie.

KWA NINI UJALI LEO

Najua kuna atakayesema hayo ya korona yameshapita. Shirika la Afya Duniani kweli lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imekwisha. Dharura imekwisha, kirusi hakijaondoka. Na kuna mambo mawili yanatuhusu sisi moja kwa moja.

La kwanza ni gesi. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile harufu kali inatiwa makusudi ili ujue ikivuja. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi inaongezeka mpaka vijijini huku. Pua yako ndiyo king'ora pekee ulichonacho jikoni. Mtu asiyesikia harufu halafu anawasha kiberiti kwenye chumba kilichojaa gesi, hapo hatuongelei tena ladha ya wali.

La pili ni chakula. Pwani tunakula samaki, na samaki kwenye joto letu anaharibika haraka. Mama lishe, mkaanga samaki, muuza pweza, wote pua ni chombo chao cha kazi kama kisu. Akipoteza pua bila kujua, wateja wake ndio wanaolipa.

UKIPATWA UFANYE NINI

Moja, kama harufu imekata ghafla na pua haijaziba, chukulia kwamba ni korona mpaka vipimo viseme vinginevyo. Kaa mbali na bibi na babu, vaa barakoa, nenda kituo cha afya ukaseme. Na useme waziwazi: "Sisikii harufu tangu tarehe fulani." Waandike.

Mbili, usipagawe. Uchambuzi uliotoka mwaka 2022 uliojumlisha wagonjwa 3,699 unaonyesha kwamba baada ya siku 30 karibu asilimia 74 walikuwa wamerudishiwa harufu na asilimia 79 ladha. Baada ya siku 180 harufu asilimia 96 hivi, ladha 98. Wachache, kama watu 5 kati ya 100, tatizo linaweza kuganda.

Tatu, harufu ikirudi imepotoka, kahawa inanuka kama uozo au kitunguu kama mpira unaoungua, usidhani umerogwa. Mara nyingi ni neva zinajipanga upya.

Nne, fanya mazoezi ya pua. Haya yalitolewa na timu ya daktari Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, kabla hata ya korona. Ni harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Unanusa kila moja kwa sekunde 10 hadi 20, taratibu, huku ukikumbuka ilivyokuwa inanukia zamani. Asubuhi na jioni, wiki 12 bila kuruka. Wao walitumia mafuta kwenye chupa. Angalieni orodha hiyo wadau! Karafuu za Pemba na Unguja, limau sokoni, marashi ya waridi ya harusini, majani ya mkaratusi ya kuponda mkononi. Wazungu wanaagiza kwa posta vitu ambavyo sisi viko kabatini kwa mama. Haiponyi kila mtu, lakini haina gharama wala madhara ukinusa tu, usivitie ndani ya pua.

Tano, kujifukiza. Mvuke unaweza kukupa nafuu pua ikiwa imeziba, lakini hauotesha seli zilizokufa, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeshaunguza watu. Watoto wasifanyiwe kabisa.

Sita, wakati huna pua, mtungi ufungwe kila ukimaliza kupika, dirisha liwe wazi, na mwenye pua nzima ndani ya nyumba ndiye awe mkaguzi wa gesi na wa samaki.

Kwa hiyo wadau, kesho mtu akikuambia kijiweni kwamba weusi hatukupoteza ladha, usimkatalie kwa nguvu wala usimkubalie. Muulize maswali matatu tu: nani alihesabiwa, mwaka gani, na aliulizwa au alipimwa? Akishindwa, mnunulie ubuyu umfundishe kuziba pua.

Aliyepatwa, iwe Msata, Saadani, Tanga, Mombasa au popote, aandike hapo chini: mwezi gani na mwaka gani, ilichukua siku ngapi, na ni chakula gani kilichorudi na ladha yake kwanza. Majina sio lazima.

Naomba kuwasilisha.